Mdogo Wangu, Usizoee Kivuli

Barua zenu za mwezi huu nimezisoma zote, nyingine nimezirudia, na nimeona zinalia kilio kimoja. Yupo anayemwandikia mheshimiwa hotuba, na mheshimiwa ndiye anayepigiwa makofi kwa ufasaha. Yupo aliyeandika kitabu kizima cha maisha ya mfanyabiashara, akaalikwa kwenye uzinduzi, akawekwa viti vya nyuma huku mwenye jina akisaini nakala meza ya mbele. Wapo wanaokesha wakiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Na karibu nyote mna hadithi zenu wenyewe, kwenye daftari au kwenye simu, ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Mnaniuliza: Dada, hivi mimi ni mwandishi kweli?

Ni mwandishi. Hilo lisikukoseshe usingizi. Aliyekaa chini akatafuta neno, akalifuta, akatafuta jingine, ndiye aliyeandika, jalada liseme litakalosema. Ila usishangilie bado, maana ninayo ya kukugombeza.

Kwanza acheni aibu. Kuandika kwa niaba ya mtu ni kazi ya halali, tena ya siku nyingi. Wazee wetu wanawakumbuka wale waliokuwa wakikaa nje ya posta na mashine ya taipu juu ya kimeza. Mama aliyetaka kumwandikia mwanawe aliye mbali alikuja, akasema yaliyomjaa moyoni, na yule bwana akayapanga yakapangika. Hakuna aliyemwita mwongo. Mwenye maisha ya kusimulia si lazima awe na mkono wa kuandika. Wewe mkono unao, yeye maisha anayo, mkikubaliana vizuri kila mtu anaondoka na chake.

Lakini hizo insha za wanafunzi, mdogo wangu, hapo sitakubembeleza. Najua Nairobi vijana wengi wenye digrii wameishi kwa kazi hiyo, na najua kodi ya nyumba haisubiri mtu apate kazi ya roho yake. Sikuhukumu. Hata hivyo kumwandikia mtu maisha yake ni kitu kimoja, na kumfanyia mtihani ni kitu kingine. Yule anapewa cheti cha kujua asichokijua, na kesho anaweza kuwa muuguzi wa mtu. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuwauzia wanafunzi wa England kazi za namna hiyo kuwa kosa. Na weka sheria pembeni, uiangalie nafsi yako: miaka inakwenda, umeandika kurasa kwa maelfu, na hakuna hata moja unayoweza kumwonyesha mtu ukasema hii ni kazi yangu. Kitabu cha mzee wa watu, hata kama jina lako halimo, mwenyewe anaweza kukushika mkono akakupeleka kwa mwenzake. Yule mwanafunzi hatakaa akutaje. Tafuta mlango wa kutokea, taratibu, kidogo kidogo, ila utafute.

Turudi kwa wanaoandika maisha ya watu. Nyie hamjui mlivyo na bahati. Kukaa kibarazani na mtu mzima, simu inarekodi, chai inapoa, mnatoka mwaka wa vita vya Kagera mnarudi mwaka wa njaa, ni shule ambayo hutaipata darasani. Wazee hawasimulii kwa tarehe. Wanasimulia kwa ada iliyokosekana, kwa baiskeli ya kwanza, kwa mtoto aliyezaliwa mafuriko yalipokuja. Halafu katikati anakwambia, "Hapo zima." Unazima. Anayoyasema hapo hayaingii kitabuni, lakini yanakufundisha kwa nini yale mengine aliyasema namna ile. Ukirudi nyumbani kuyanukuu maneno yake, unagundua saa moja ya maongezi inakula nusu siku ya kazi, na unagundua jambo jingine tena: watu hawaongei kama tunavyowaandika. Wanakata maneno, wanarudia, wanalikwepa jambo kubwa kwa kuongelea dogo. Mwandishi wa hadithi akishalijua hilo, wahusika wake wanaanza kupumua.

Kuna mtu nataka muijue safari yake. Ni Alex Haley, Mmarekani mweusi, yule wa *Roots*. Wengi mnakijua kitabu hicho na zile filamu za televisheni za mwaka 1977, hamjui alikoanzia. Alijiunga na kikosi cha walinzi wa pwani cha Marekani mwaka 1939. Siku zile kijana mweusi alipewa kazi za jikoni na mezani, na ndizo alizopewa. Melini, wenzake walipoona anaandika vizuri, wakaanza kumlipa awaandikie barua za mapenzi kwa wasichana wao. Ndiyo, huyohuyo. Alianza kwa kuuza maneno matamu yakasainiwa na wengine. Usiku alikuwa akiandika hadithi zake mwenyewe na kuzituma magazetini, na kwa miaka mingi zilikuwa zikirudi. Hakuacha. Baadaye kikosi chenyewe kikamfanya mwandishi wa habari, na alipostaafu mwaka 1959 akaamua kuishi kwa kalamu.

Ndipo akakutana na Malcolm X, yule mpigania haki za watu weusi Marekani. Walipoanza kazi ya kitabu cha maisha yake, Malcolm hakumwamini. Akawa anasema ya chama na dini yake, ya kwake hayasemi. Haley akagundua kwamba mtu huyu huongea huku akiandikaandika vineno kwenye vikaratasi, basi akawa anamwekea karatasi za kufutia mikono kando ya kahawa, na kikao kikiisha anazikusanya. Na usiku mmoja, Malcolm amechoka, Haley akamuuliza habari za mama yake. Yule bwana akasimama, akaanza kutembea chumbani, akaongea mpaka karibu kunakucha. Kuanzia hapo kitabu kikapata roho. Ona hapo, mdogo wangu: swali moja, limeulizwa kwa upole, wakati wake umefika.

Lakini sababu hasa ya kukupeleka huko kote ni hii. Walikubaliana kuwa kila kilichomo kitabuni kiwe cha Malcolm, asiongezewe wala asipunguziwe. Haley akakubali, naye akaomba chake: sura ya mwisho iwe yake, aandike anavyomwona yeye mwenyewe, bila kupitishwa na mtu. Akapewa. Malcolm aliuawa New York tarehe 21 Februari 1965, kitabu kikatoka mwaka huohuo, na ile sura ya mwisho mpaka leo inasomwa ikiwa na sauti ya Alex Haley. Alijua kutumikia sauti ya mtu mwingine bila kuitupa yake. Aliomba nafasi yake kabla kazi haijaisha, hakusubiri kununa baada ya uzinduzi.

Nanyi ombeni mapema. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kalamu ni mali. Najua mnaogopa kutaja mkataba mbele ya mtu mnayemheshimu, hasa akiwa mzee, hasa akiwa anawaita "mwanangu". Utajeni hivyohivyo, kwa adabu, siku ya kwanza, kabla simu haijaanza kurekodi. Andikeni malipo yatakuja mara ngapi: kianzio kabla ya mahojiano, sehemu ya pili ukikabidhi rasimu ya kwanza, iliyobaki kabla mswada wa mwisho haujatoka mkononi mwako. Ukisubiri "tukishauza vitabu", utasubiri na wajukuu. Andikeni atakusahihisha mara ngapi, maana wapo wanaobadilisha utoto wao kila mwezi. Andikeni zile rekodi zinabaki kwa nani, na itakuwaje akifariki au akighairi njiani. Andikeni nani atajibu kama mtalaka wake ataona amechafuliwa jina. Na jina lako liko wapi? Kwenye jalada, kwenye shukrani, au halipo? Kama halipo, je, unaruhusiwa walau kumwambia mteja mwingine kwamba kazi ile uliifanya wewe? Kukosa jina kuna bei yake, na bei hiyo ilipwe.

Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ndiyo inayoisimamia. Kazi inalindwa tangu inapoandikwa, na ulinzi wa haki zake za kiuchumi unaendelea miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Kwa hiyo unaposaini karatasi ya kumwachia mtu haki zote, fahamu kwamba unaachia kitu ambacho kingeweza kuwafaa hata watoto wako. Pengine inafaa kuachia, kazi ya kivuli mara nyingi iko hivyo. Basi achia ukijua. Na wazo tupu halilindwi na sheria, kwa hiyo usimhadithie kila mtu riwaya ambayo hujaiandika ukadhani ni yako peke yako.

Sasa sogea karibu, maana hapa ndipo penye neno langu lenyewe. Dhuluma hainiogopeshi sana. Dhuluma ina dawa: karatasi, shahidi, na kujifunza kusema hapana. Kinachoniogopesha ni kwamba kivuli kina raha yake. Ukiandika kwa jina la mwingine, kitabu kikisifiwa unafurahi kimoyomoyo, kikipondwa unasema hakikuwa changu. Hakuna anayekuuliza swali. Hakuna shangazi anayepiga simu. Hakuna mchambuzi anayekwambia mhusika wako hana damu. Mtu anakaa humo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, na kila mara ana sababu nzuri: nikimaliza ya huyu mteja, shule zikifunguliwa, nikipata kompyuta. Ukimchunguza, si muda wala kompyuta. Anaogopa kusomwa. Na kadiri anavyozizoea sauti za wateja, yake inazidi kupungua, mpaka siku akikaa kuandika ya kwake anajikuta anaandika kama yule mfanyabiashara.

Hofu hiyo ina haki yake, sikudanganyi. Euphrase Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, riwaya yake ya kwanza kabisa, kijana mdogo, na ikapigwa marufuku mashuleni. Hebu fikiria kitabu chako cha kwanza kinaitwa kichafu na nchi nzima inajua umekiandika wewe. Angeweza kunyamaza. Mwaka 1974 akatoa *Kichwamaji*, mwaka uliofuata *Dunia Uwanja wa Fujo*, jina ni lilelile. Na *Rosa Mistika* yenyewe ikaja kuingia darasani, ikafundishwa na walimu.

Kwa hiyo anza na hadithi fupi. Naisisitiza hadithi fupi kwa sababu ndiyo njia ya kutoka kivulini bila kujivunja mgongo. Unaweza kuimaliza huku kazi ya mteja inaendelea. Ina jina moja tu, lako. Ikikataliwa, umepoteza wiki chache, hukupoteza miaka. Kenya wamefanya jambo jema la kuziweka diwani za hadithi fupi mashuleni. *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine* imebeba waandishi wengi jalada moja, na hadithi iliyokipa kitabu jina ni ya Said Ahmed Mohamed. Fikiria hadithi yako ya kurasa chache imekaa kitabu kimoja na mkongwe huyo, watoto wa sekondari wanaijadili.

Mlionitumia hadithi nizisome, nawapenda, lakini jua limechomoza mno. Jua linachomoza, ndege wanaimba, umande unametameta, na mimi bado sijui nani ana shida gani. Yupo mmoja ambaye ukurasa wa tatu ndipo mama anahesabu hela za kijaluba, anazihesabu tena, anakuta elfu moja haipo, kisha anawatazama wanawe mmoja mmoja bila kusema neno. Mdogo wangu, hadithi yako inaanza hapo! Zile kurasa mbili za mwanzo zifute. Najua utazililia, maana ndizo ulizozipamba zaidi. Zifute tu. Umeuona huo mkono wa mama kwenye kijaluba, nasi tumeuona, na tutakufuata popote utakapokwenda.

Riwaya ni safari nyingine. Wengi mmelelewa na hadithi za magazeti, zile za "itaendelea wiki ijayo", na siku hizi mnazipeleka kwenye makundi ya WhatsApp sehemu kwa sehemu. Ni mazoezi mazuri ya kumshika msomaji asiondoke, siyadharau. Hatari yake ni kwamba unaandika bila kujua unakwenda wapi, na mhusika uliyemzika sehemu ya saba anaonekana sehemu ya thelathini anakunywa supu. Ukitaka kuifanya kitabu, usiibandike kama ilivyo. Iandike upya, na mwisho wake uujue. Ukipata mchapishaji, muulize mrabaha unapigwa kwenye bei ya dukani au kwenye kinachomfikia yeye baada ya punguzo la wauzaji, maana asilimia ni ileile na pesa si zilezile. Uliza taarifa ya mauzo italetwa lini. Kuuliza si utovu wa adabu.

Mashindano nayo msiyapuuze. Muhammed Said Abdulla alikuwa mtu wa magazeti Unguja alipoingiza *Mzimu wa Watu wa Kale* kwenye shindano la Ofisi ya Vitabu vya Afrika Mashariki la mwaka 1957/58. Akashinda, kitabu kikatoka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, pamoja na kiko chake wamebaki nasi mpaka leo. Zama zetu imekuja tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tanzania ikaanzisha Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Someni masharti ya mwaka husika neno kwa neno. Mswada ukirudi, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na tafadhali, msiazime sentensi za watu. Haley huyuhuyu niliyewasifia alishtakiwa na Harold Courlander kwamba sehemu za *Roots* zilitoka katika riwaya yake *The African* ya mwaka 1967, na mwaka 1978 wakamaliza shauri kwa Haley kulipa dola 650,000. Kitabu kikubwa vile, kimebeba machozi ya watu wengi, na doa hilo halijafutika. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ninyi mliozoea kuvaa sauti za wateja mko karibu zaidi na hatari hiyo, kwa hiyo kila ulichokinakili kiandikie pembeni kimetoka wapi.

Mshahara msiuache kwa hasira. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30, na humohumo ndimo ilimotoka *Kusadikika* ya mwaka 1951. Abdulrazak Gurnah aliendelea kufundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka alipostaafu mwaka 2017, na Tuzo ya Nobel ya Fasihi ikamkuta mwaka 2021. Endelea na wateja, ila toa saa moja isiyo ya mteja, iwe alfajiri au usiku, na hiyo saa usimuuzie mtu hata akipandisha bei.

Limebaki swali la yule anayeogopa kwamba nyumbani watajiona kwenye hadithi. Watajiona, mdogo wangu. Ukibadilisha majina watajiona, ukihamisha mji watajiona. La siri ya mtu mwingine, ambalo likitoka litamwumiza, liache, si lako. Lakini mama akikuita na gazeti mkononi akuulize kama yule wa kijaluba ni yeye, usimdanganye. Kaa naye, mwambie ndiyo, mwambie kwa nini. Huenda akanuna siku mbili. Siku ya tatu atakwambia ulipokosea, kwamba haikuwa elfu moja ilikuwa mia tano, na aliyeichukua siye yule uliyemdhania siku zote. Akianza hapo, mwombe ruhusa uwashe simu urekodi.